F3 au F2, msimu upi ufuatilie?

Kama bando lako linatosha msimu mmoja tu, mi nakwambia chukua F3 (Formula 3), mbio za magari ngazi moja chini ya F2 (Formula 2), ambayo nayo iko chini ya Formula 1. Gari 30 zinaanza pamoja, injini V6 lita 3.4 haina tabo (turbo, kifaa cha kuongeza nguvu ya injini), nguvu ya farasi kama 380 hivi, na si lazima kuingia piti (kusimama pembeni kubadilisha tairi) kwahiyo wanabanana mwanzo mwisho kama daladala za Mbagala jioni. 2024 Leonardo Fornaroli alibeba ubingwa bila kushinda mbio hata moja aisee, Monza kule Italia, mzunguko wa mwisho kona ya mwisho kampita mwenzake akashika nafasi ya tatu, mi niko Sinza nimeshika simu chapati imepoa mkononi, nilipiga kelele mpaka jirani akaja kugonga mlango.

F2 gari 22, zina tabo, farasi kama 620, na mbio ya Jumapili lazima uingie piti ubadilishe tairi, kwahiyo akili ya timu inaamua mengi. Tamu pia, ila ukichelewa kuwasha hujui nani anaongoza kweli na nani bado hajabadilisha.

Fornaroli mwenyewe kapanda F2 2025 na akabeba tena, na waliomjua toka F3 ndo walifurahi zaidi.