Difu ya Massey ya marehemu baba, na gereji iliyonichosha roho

Nimekaa na hii hasira wiki kadhaa, leo nimesema acha niandike, labda kuna mtu ana trekta la zamani anataka kufungua difu, yale magia ya nyuma yanayozungusha eksli, asome kabla hajalipeleka kwa hao watu.

Trekta ni Massey Ferguson 135, ile ya Perkins silinda tatu, ya marehemu baba. Nimejifunza kuendesha nikiwa nimekaa juu ya madigadi yake, mzee ameshika usukani. Alipofariki lilisimama chini ya mwembe miaka mingi hadi kuku wakawa wanataga humo. Injini nimeifufua mwenyewe taratibu, rangi nimerudishia, kilichobaki ni nyuma. Ukiachia klachi unasikia ko, ko, ko. Nilipomwaga oili zikatoka chenga za chuma na kipande cha jino ukubwa wa punje ya hindi.

Nikalipakia kwenye lori toka Boma Ng'ombe mpaka Arusha, gereji moja kule Unga Limited, jina naliacha. Na kazi yenyewe siyo ndogo jamani, krauni, lile gia kubwa la duara, utaitolea ubavuni ukishatoa eksli ya kushoto, lakini pinioni, gia dogo linaloizungusha, haitoki hivyo, lazima trekta likatwe katikati, giaboksi iachane na difu, kwa hiyo fundi akikosea unarudia yote upya na hela ndo zinakwenda hivyo.

Nililipa seti mpya, krauni na pinioni, milioni na ushee. Siku nimeenda kuangalia nakuta mezani pinioni mpya inang'aa, pembeni yake krauni nyeusi, unaona kabisa imechomolewa kwenye trekta lingine. Nikamwambia bosi kwa upole tu, kaka hivi vitu vinatembea kwa pea, vimesagwa pamoja kiwandani ndo maana vinagongwa namba moja, na hapa namba hazifanani. Akanijibu mbele ya vijana wake, hata kuniangalia hakuniangalia: "Mangi, meno sita kwa thelathini na saba, hesabu si imekubali? Kama unajua sana kafungue gereji yako." Vijana wakacheka. Mimi nina watoto wakubwa kuliko wale vijana. Hela yangu, trekta la baba yangu, halafu nachekwa.

Wakafunga hivyohivyo. Kulitoa nje tu linavuma, ukiongeza mafuta linalia kama mashine ya kukoboa, na jembe halinyanyuki! Hapo ndo nikajua hata kuosha ndani hawakuosha, maana kwenye 135 oili ya giaboksi, ya difu na ya haidroliki inayonyanyua jembe ni moja, na pampu inakaa humohumo ndani, zile chenga zote imezinywa. Fundi wa matrekta asiyejua hilo ni fundi gani? Msiende pale, nasema msiende.

Lakini niwe mkweli. Pale pale yupo mzee mmoja, wote wanamwita babu, siku ile nagombana na bosi alikuwa kimya anaosha beringi. Nikiwa natoka akanifuata getini, nikamwamkia, akasema mwanangu lilete Jumapili. Akampigia mtu wake Moshi ikaja seti ya pea moja kweli, namba zimefanana, nikalipa tena. Yule mzee alikata trekta upya, akaosha kila kona kwa dizeli, akasafisha pampu na chujio lake. Pinioni akaizungushia uzi, akavuta kwa mizani ya ndoano kupima inavyokaza kwenye beringi, akalegeza, akakaza, akapima tena, sijui mara ngapi. Halafu akapaka meno ya krauni rangi ya bluu, akazungusha kwa mkono, akaniita: "Ona, alama inakaa katikati ya jino, haijakimbilia nje wala ndani." Nilitaka kulia. Mzee wangu alikuwa anafanya kazi hivyohivyo, bila haraka.

Kwa hiyo kama ni yule babu, nendeni, tena nendeni haraka kabla hajastaafu, trekta sasa linapanda mlima na jembe nyuma na unasikia injini peke yake. Nilikuwa nataka hata kusema gereji ni nzuri ila bosi ndo mbaya. Ila sasa, si Jumatatu yake bosi akanipigia ananidai hela ya winchi tuliyotumia Jumapili! Winchi ya kurekebisha kosa lake! Na ile hela ya seti ya kwanza hajarudisha hata shilingi.

Hapana, nafuta. Mtafuteni babu nje ya geti. Ile krauni yao nyeusi ninayo hapa kwenye kiroba, kesho naipanda nayo basi, nitaiweka juu ya meza yake na nitakaa pale mpaka anilipe.