Flash ya nyimbo za cowboy na country, uzoefu wangu wa mwezi mmoja

Hii flash nilinunua hapa Nakuru kwa kijana wa kibanda anayewekea watu nyimbo, 32GB shilingi 900. Mwezi mzima kila Jumapili tunaiskiza kwangu na marafiki wawili, mmoja ni mwalimu mstaafu, na yeye kwa hizi mambo usimguse.

Upande wa country iko sawa kabisa. Jim Reeves sauti inatoka safi hadi unaskia akivuta pumzi, na hapo ndio mwalimu alitueleza kwamba pale Nashville, mji wa country huko Marekani, watayarishaji wa nyimbo kina Chet Atkins walipunguza fidla wakaweka vinanda na waimbaji wa nyuma ndio watu wa mjini pia wanunue, na kweli He'll Have to Go mwaka 1960 ilishika namba 1 kwa country na namba 2 kwa pop. Halafu ikaingia ile ya Kenny Rogers na Dolly Parton ya 1983, Islands in the Stream, rafiki yangu akasema hii sasa ndio country yenyewe, mwalimu akamwambia kijana wangu hii waliandika Bee Gees, wale wale wa disko! Tulirudia mara tatu.

Shida ni zile nyimbo za sinema za cowboy za TV, na ndizo nilitaka sana. Bonanza iko poa kwa sababu kwenye TV ilikuwa gitaa na bendi tu, lakini Rawhide wameweka iliyorudiwa na mtu mwingine, kinanda cha umeme na sauti nyembamba, jamani hapana, ile ni ya Frankie Laine, bila yeye hakuna ng'ombe hakuna vumbi. Na huyo Laine hakuwa mtu wa country, alikuwa mwimbaji wa pop na jazz, mtoto wa Waitaliano wa Chicago, na aliyetunga muziki wenyewe ni Dimitri Tiomkin, mzaliwa wa Ukraine. Yaani 1959, Rawhide ilipoanza kwenye TV, tayari pop ilikuwa imevaa kofia ya cowboy, na 1964 Lorne Greene, yule mzee wa Bonanza, akafika namba 1 Marekani na Ringo, wimbo ambao anaongea tu. Kwangu hizi ni ukoo mmoja na Jim Reeves, ndio maana kuweka za kuigiza kumeniuma, umekata mzizi.

Nyingine kama kumi majina yamechanganywa pia, unafungua Don Williams anatokea mtu mwingine.

Kwa country nunua, utafurahi. Kwa zile za TV mwambie akupigie Rawhide kabla hujatoa pesa, ukiskia mjeledi ukilia na ile sauti nzito ya kiume, lipa.