Toil & Trouble: hadithi 15 za wachawi, na mahali ningeanzia

Kitabu hiki kilitoka Marekani mwaka 2018, kimehaririwa na Jessica Spotswood na Tess Sharpe, na kila hadithi ina mwandishi wake. Kimelenga vijana, na wahusika wakuu ni wasichana. Nimekisoma kwenye simu, sambamba na mpwa wangu aliye kidato cha tatu. Kinunue, ila usijilazimishe kufuata mpangilio wa kurasa.

Anza na “Afterbirth” ya Andrea Cremer. Tuko New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, enzi za Wapuritani, Wakristo wenye msimamo mkali wa dini, na msichana anajifunza kazi ya ukunga. Uzazi mmoja unaleta balaa, basi kijiji kizima kinamgeukia mkunga. Hapo ndipo niliponasa. Humo hakuna radi wala ufagio unaoruka. Kuna mikono inayojua kazi yake, na majirani waliojaa hofu wanaotafuta wa kumtwisha msiba. Eneo hilohilo, huko Salem mwaka 1692, watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi.

Mpwa wangu alipoimaliza aliniuliza kuhusu vikongwe wa Usukumani walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, wekundu wa moshi wa kuni walioupikia miaka nenda miaka rudi. Nikamweleza kwamba Sheria yetu ya Uchawi hapa Tanzania ipo tangu 1928, na bado mabibi wameuawa kwa neno la mpiga ramli. Mazungumzo yale yalikuwa mazito, na nakishukuru kitabu kwa kuyaanzisha. Binti wa umri wake anapaswa kujua jinsi tuhuma inavyomzingira mwanamke asiye na mtetezi.

“Why They Watch Us Burn” ya Elizabeth May ni nzito kuliko zote. Wasichana wamehukumiwa kwa uchawi na kupelekwa kambini msituni watubu, ilhali kosa lao halisi ni kusema walichotendewa na wanaume. Mzazi, isome kwanza wewe. Nami naiona ndiyo bora kitabuni.

Nilipenda pia “The Well Witch” ya Kate Hart, kuhusu mwanamke anayeishi peke yake katika ukame wa Texas, penye kisima, na wanaume wanaofika wakiwa na kiu.

Si zote zilizonikolea. Katika “The Heart in Her Hands” ya Tess Sharpe, maneno ya mwenza uliyepangiwa yanajiandika mwilini mwako, na msichana anayakataa majaliwa hayo kwa sababu anampenda msichana mwingine. Wazo zuri kupindukia, lakini linakimbizwa. Nilitaka kuuona ukatili wa desturi ile kwa utulivu kabla ya kuivunja. Hadithi kadhaa zina kasoro hiyo: ulimwengu unafunguka, kurasa zinaisha. Mapenzi ya wasichana kwa wasichana yapo katika zaidi ya hadithi moja, mlezi alijue hilo mapema.

Kiingereza chake si kigumu kwa mwanafunzi wa sekondari aliyezoea kusoma riwaya. Akichoka na huzuni, mpe “The Gherin Girls” ya Emery Lord: dada watatu, mmoja anapona majeraha ya mwanaume aliyemuumiza, na wenzake wanamlinda bila kumharakisha. Mpwa wangu ameisoma mara mbili. Nyota nne kati ya tano.