Pennzoil na lile jina baya la kugandisha enjini: nimeitumia kwa Probox miaka miwili

Haya bas, hii nimeandika maana kila nikifungua boneti pale Likoni kuna mtu ataniuliza, wewe huogopi hiyo oili ya chupa ya manjano? Siogopi. Jina baya ililopewa Pennzoil, eti ina nta inayoganda ndani ya enjini, si haki yake, lakini ngoja nieleze vizuri juu fundi wangu si mjinga na kuna kitu alikuwa amekiona kwa macho yake.

Mimi ni mtu wa mikate. Probox yangu, enjini ya 1NZ, inatoka Changamwe alfajiri, inavuka feri, halafu ni duka kwa duka Likoni, Mtongwe, Shelly Beach, siku nyingine hadi Ukunda. Washa, mita mia mbili, zima, shusha kreti, washa tena. Na foleni ya feri mnaijua wenyewe, jua limekaa utosini, AC iko juu, enjini inanguruma nusu saa na gari haijasogea hata urefu wa tuktuk mbili. (Najua barabara ya Dongo Kundu ya kuizunguka feri imefunguka, lakini duka zangu ziko hapo hapo ukishuka feri, nikizunguka huko faida yote inaishia kwa petroli.) Kwa hivyo kama kuna gari Mombasa hii ilifaa kushika mashapo, yaani ule uji mweusi wa oili iliyooza, ni hii yangu.

Siku ya kwanza nilipompelekea fundi ile Pennzoil Platinum 5W-30 alikataa kuifungua. Akaniambia, "Yakhe, hiyo ina nta. Itakugandia ndani kama halua." Nkamuuliza umeona wapi, akasema aliwahi kufungua Harrier ya mteja, imetiwa hiyo hiyo, chini ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa enjini, kumejaa uji mweusi mpaka matundu ya oili hayaonekani. Sikumbishia, ila nlirudi nyumbani nkaanza kusoma.

Haya maneno ya nta nusu yana ukweli. Pennzoil na mwenzake Quaker State asili yao ni Pennsylvania, kule Marekani alikochimba Drake kisima chake cha mafuta mwaka 1859, na mafuta ghafi ya huko yanasifika kwa kuwa na parafini nyingi. Watu kusikia parafini wakawaza mshumaa, na hapa kwetu ndio kabisa, ukitaja parafini mtu anawaza mafuta ya taa ya stovu. Sasa fikiria wewe mwenyewe: nta ya mshumaa inayeyuka kabla haijafika nyuzi 70, na enjini ikishapata moto maji yake tu yako kama nyuzi 90, oili inaweza kupita hapo. Nta itagandaje ndani ya sufuria inayochemka? Nta ina shida kwa watu wa baridi, oili ikilala nje usiku inakuwa nzito haitiririki, na ndio maana viwandani wanaiondoa kabla oili haijatiwa kwenye chupa. Halafu hii Platinum yenyewe msingi wake si mafuta ghafi, ni gesi asilia iliyogeuzwa kuwa oili, tangu 2014 wanaitangaza hivyo, na gesi yenyewe ni ya Qatar. Nta ya Pennsylvania imefikaje huko? Chupa imebaki manjano tu, kampuni yenyewe iko chini ya Shell tangu 2002.

Sasa ile Harrier. Hapo ndio fundi alikuwa ameona kitu cha kweli akamlaumu asiyehusika. Zile Harrier za zamani za lita tatu zina enjini ya 1MZ, na hiyo enjini inajulikana dunia nzima kwa mashapo. Kule Marekani Toyota walilalamikiwa sana kwa enjini za 1MZ na 5S za mwaka 1997 hadi 2002, mwanzo wakasema ni wenye gari hawabadilishi oili, lakini 2002 wakakubali kuzirekebisha bure kwa masharti, gari zaidi ya milioni tatu. Wale watu walikuwa wanatia oili za kila aina, rangi zote za chupa, na mashapo yalikuwa yale yale. Enjini ikiwa inapika oili itaipika ya yeyote.

Na kuna jambo jingine ambalo nafikiri ndilo linalozipa oili nzuri jina baya. Mtu anaendesha gari miaka minne na oili ya galoni isiyojulikana, anamwaga akikumbuka, ndani kumeshashika lami. Siku moja anapata pesa anatia oili safi yenye sabuni nyingi, yaani dawa za kusafisha enjini. Ile sabuni inaanza kung'oa uchafu wa zamani, oili inakuwa nyeusi ndani ya wiki, vipande vinashuka vinaziba stena, lile chujio la pampu ya oili, taa ya oili inawaka. Atalaumu nani? Ya mwisho kutiwa. Kama mwanamke aliyeolewa jana anaambiwa nyumba ni chafu. Gari ya namna hiyo kwanza ishushwe sampu, lile bakuli la oili la chini, ioshwe, halafu imwagwe oili mapema mara mbili tatu, kila kilomita elfu moja elfu mbili, usiitie oili safi ukaisahau.

Turudi kwa Probox. Mwezi uliopita tapeti kava ilianza kulia oili pembeni, gasketi imekuwa ngumu kama kigae, ni umri tu. Nkasema leo tunafungua tuone nani muongo. Fundi alifungua zile nati pole pole kama mtu anayefunua sufuria ya mwenziwe. Ndani: camshaft inang'aa, aluminiamu imeshika rangi ya chai ya rangi, ile ya hudhurungi nyepesi, basi. Akachukua kitambaa cheupe akapitisha kidole kwenye kona ya nyuma kabisa ambapo oili husimama, kikatoka na alama ya rangi ya tende, hakuna ukoko, hakuna uji. Akanyamaza. Kisha akasema, "Wewe unamwaga mapema." Ni kweli namwaga mapema! Kilomita elfu nne, haizidi elfu tano, kwa sababu kilomita za mtu wa foleni ni za uongo, enjini imefanya kazi masaa na dashibodi haijui. Safari fupi ndio mbaya zaidi, oili haipati moto wa kutosha kukausha maji na petroli inayopita kwa ringi za pistoni, yote yanabaki humo humo. Ile valvu ndogo ya kupumulia enjini pia nimeshabadilisha mara moja, wengi hawaigusi mpaka iharibike na mvuke wote unarudi kuoza ndani.

Kuhusu "oili maji maji haiwezi joto la Mombasa": ile 30 ya 5W-30 ni uzito wa oili, na hupimwa oili ikiwa nyuzi 100, sio kwa baridi. Kitabu cha gari kimetaja 5W-30. Ile nzito ya 20W-50 tuliyoizoea ni ya enjini nyingine.

Ubaya? Bei. Duka nililonunua lilinichapa elfu sita na kitu kwa chupa moja, wanajua hawako wengi wanaoleta. Na chupa ni kwota tano za Kimarekani, yaani lita 4.73, Probox inakunywa 3.7 pamoja na filta, unabaki na lita moja kila mara. Kagua pia mfuniko na pete yake kabla ya kulipa, duka moja nililetewa chupa ambayo pete yake imeshakatwa, nkaiacha hapo hapo kwenye meza. Na nyuma kwenye kile kiduara cha API, alama ya daraja ya oili, tafuta SP. Ukiona SF kwenye galoni ya bei rahisi ujue ni daraja ya gari za kabla ya 1989, na bado zinauzwa, na mashapo mengi ya mji huu nahisi yanatoka humo.

Fundi sasa ameiomba ile lita iliyobaki aitie kwenye bodaboda yake. Nimemkatalia, klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya enjini, na oili laini ya gari kama hii inaweza kuifanya iteleze. Kisha aniambie ni nta.