Duka la senta kwetu, upande wa Sengerema: nyota nne, ya tano nimemnyima

Niseme mapema kwamba nyota hizi nne si za bidhaa. Bidhaa ni zile zile za kila duka la kijijini: sukari ya kupima, mafuta ya kula ya kumiminiwa kwenye chupa yako, sabuni ya mche inayokatwa vipande, betri, viberiti. Nyota nampa kwa sababu anawajua wateja wake.

Na wateja wake ni sisi. Vijana wa kitongoji chetu wako Mwanza mjini, wako machimboni Geita, wengine visiwani kwenye dagaa. Waliobaki ni wazee, na wajukuu tulioletewa tuwalee. Mwenye duka tunamwita Mangi, kama wanavyoitwa wenye maduka wa Kichaga, ingawa ni Msukuma wa hapa hapa na Moshi hajawahi kufika.

Chukua umeme. Tokeni ya Luku, umeme wa kulipia kabla, ina tarakimu 20. Kwa mtu wa miaka 70 na ushee mwenye simu ya kitochi yenye kioo kidogo, kuzisoma kwenye ujumbe na kuzibonyeza kwenye mita bila kukosea ni mtihani, nami nimesahihisha mitihani hadi nikastaafu. Mangi ananunua umeme kwa simu yake, kisha anakuandikia tarakimu kwenye kipande cha boksi kwa kalamu nene, nne nne, kubwa kama za ubaoni. Ukisema bado huwezi, kijana wake anakufuata nyumbani kukubonyezea. Hatozi kitu.

Pembeni ya mizani kuna trei ya miwani ya kusomea. Unajaribu moja moja huku ukisoma maandishi ya boksi la kiberiti. Ukiyaona, umepata yako. Daktari wa macho angekunja uso, najua. Lakini jirani yangu alishaacha kusoma Biblia, na sasa anatusomea mpaka tunaomba poo. Benchi la nje nalo lina egemeo. Fundi wake anaijua migongo yetu.

Kwenye uwakala wa pesa za simu ndipo tunapogombana. Wenzangu wengi humkabidhi simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Yeye ni mwaminifu, sijasikia mtu akilalamika. Lakini zipo siku anamwachia duka mtu mwingine, na namba zetu zimeshakuwa mali ya kijiji. Nimemwambia amwachie mzee abonyeze mwenyewe, hata kama ni polepole, yeye ageukie rafu. Akanijibu, "Shikamoo Mwalimu, lakini wakikosea mara tatu wanafungiwa, na chakula cha jioni watanunua na nini?" Sikuwa na jibu la haraka, ila msimamo wangu ni ule ule.

Nyota ya tano imeliwa na dawa. Anauza vidonge vya maumivu bila kuuliza unatumia nini kingine, na wengi wetu tuna presha. Diklofenaki, mojawapo ya vidonge hivyo, si karanga. Kibali cha duka la dawa hana. Aviondoe.

Bei? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, na mzigo wa kutoka Mwanza haulali tena kwenye foleni ya kivuko. Nilitegemea sukari ishuke. Haijashuka. Anasema ni mafuta ya gari. Kila mwenye duka husema ni mafuta ya gari.

Mlioko mjini mnaotutumia matumizi: msitume wote mwisho wa mwezi. Siku hizo keshi yake huisha kabla ya saa sita mchana, na mzee aliyekuja na mkongojo kutoka ng'ambo ya korongo anarudi na ujumbe tu kwenye simu. Tumeni katikati ya mwezi, asubuhi, na mweke na ya kutolea.