Tahadhari za hali ya hewa zinazotaja athari: uzoefu wangu, na jinsi rangi ya njano ilivyonichezea mara mbili

Nimekaa na hizi tahadhari za watu wa hali ya hewa kwenye simu misimu miwili ya mvua sasa, zile za mtindo mpya zinazokuambia mvua ikija itafanya nini, na naona wengi wanazipokea ila wanazisoma kama nilivyokuwa nazisoma mimi mwanzoni, yaani wanaangalia rangi halafu wanarudisha simu mfukoni.

Kazi yangu ni kusimamia saiti za ujenzi kwa hiyo mvua na upepo ndo mabosi wangu wa pili. Zamani meseji ilikuwa inakuja na namba tu, mvua kubwa, zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24, basi. Hesabu yake naijua, milimita moja ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba, paa la mita za mraba 100 linashusha lita 5,000, sawa, lakini zikishashuka zinaenda wapi? Kama ardhi imeshaloa tangu juzi haina tena pa kuyaweka maji, yanatafuta shimo, na shimo kubwa kuliko yote hapo ni la kwangu la msingi. Upepo nao hivyohivyo, nguvu ileile ikikuta miti ina majani tele inaangusha mingi kuliko ikiikuta imepukutika, na jukwaa la mafundi likishafungwa turubai usiliite tena jukwaa, hilo ni tanga la jahazi. Namba ni ileile, balaa zinapishana.

Sasa hii ya athari inakuja hivi: kuna rangi, njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa, halafu chini kuna mistari miwili ambayo watu wanairuka, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, kila mmoja unasema mdogo, wastani au mkubwa. Halafu ndo wanataja vitu vyenyewe, makazi kuzungukwa na maji, barabara kutopitika, miti kuanguka, umeme kukatika. Wataalamu wanachukua ile mistari miwili wanaikutanisha kwenye jedwali, pale inapokutana ndo rangi inatoka. Kwa hiyo rangi ni jibu la mwisho la hesabu, hesabu yenyewe iko kwenye mistari.

Na hapo ndo nilipoumia.

Mara ya kwanza imekuja njano nikasema njano si kitu, tumechimba mitaro ya msingi siku mbili hatuwezi kuiacha, mafundi wakaendelea mpaka jioni na saruji tukaiacha palepale pembeni chini ya turubai. Usiku mvua ikashuka kama ina deni. Asubuhi kingo zimeporomoka, mtaro umejaa tope, saruji imelowa nusu yake imeshaanza kuganda, bahati nzuri hakukuwa na mtu mle ndani. Nikaifungua ile meseji nikaisoma yote kwa mara ya kwanza: uwezekano mdogo, athari kubwa. Yaani walikuwa wananiambia huenda isije ila ikija itavunja, na walinitajia kabisa udongo kuporomoka. Sina wa kumlaumu hapo.

Wiki chache mbele ikaja njano nyingine. Safari hii nikajifanya mjanja, nikasimamisha kazi, nikashusha watu kwenye majukwaa, nikafunika kila kitu, siku nzima ikanyesha manyunyu na madimbwi mawili matatu njiani. Fundi mkuu akaniambia bosi, hiyo simu yako inaogopa umande. Nikaangalia meseji, uwezekano mkubwa, athari ndogo. Walisema kweli tena! Njano zote mbili zilikuwa sahihi, ila moja ilikuwa inaniambia toa watu mashimoni na nyingine inaniambia vaa buti.

Tangu siku hiyo rangi kwangu ni kengele tu, naisikia halafu naenda kusoma. Athari ikiwa kubwa hata kama uwezekano ni mdogo, mtu hashuki kwenye mtaro ambao haujawekewa mbao za kuzuia kingo, na turubai za jukwaani zinafunguliwa mapema. Hayo hayanipotezei muda mwingi. Kusimamisha saiti nzima ni mpaka nione chungwa kwenda juu.

Mtindo wenyewe si wa jana. Uingereza walihamia huko mwaka 2011, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2015. Ukitaka kuelewa kwa nini walihangaika, angalia kimbunga Haiyan kilichopiga Ufilipino Novemba 2013, utabiri ulikuwepo, onyo kwamba upepo utasukuma bahari ije nchi kavu lilitolewa, lakini wengi hawakulielewa lile jina la kitaalamu, "storm surge", kuna waliosema baadaye kwamba wangeambiwa ni kama tsunami wangekimbia. Walikufa watu zaidi ya 6,000.

Malalamiko yangu sasa. Notifikesheni kwenye skrini inaonyesha rangi na neno angalizo tu, mistari yote miwili imefichwa mpaka ubonyeze, yaani kitu cha maana kuliko vyote ndo kimewekwa uvunguni. Pili ni lugha ya kunakili, kuna wakati nimepokea meseji nne mfululizo zinazosema "baadhi ya shughuli za kiuchumi kuathirika", shughuli zipi jamani? Mvuvi, dereva na mimi tunasoma sentensi moja. Tatu hawasemi imeisha, angalizo linakaa hapo linachacha mpaka unajiuliza wamelala. Maeneo nayo wanayachora mapana mno, unakuta upande mmoja umelowa na wa pili vumbi.

Ila lawama ya "walidanganya, mbona hakikutokea kitu" siipokei yote. Nikifunga mtaro mapema na mvua ikaja na hakuna kilichoporomoka, si ndo nilichoambiwa nifanye?

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Kama simu yako ina sehemu ya kuruhusu ujumbe mzima uonekane kwenye skrini iliyofungwa, iwashe leo, mimi nimeiwasha kwenye simu yangu na ya fundi mkuu pia, huyo wa umande.