Darasa la kuchora la Jumamosi: cheti kimetoka Lidice, bango limenikera

Binti yangu wa miaka 9 ana karibu mwaka mzima anajifunza kuchora kwenye kituo kimoja hapa Dar es Salaam, kila Jumamosi asubuhi. Ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi, rangi na brashi unanunua mwenyewe. Juzi alipata cheti cha pongezi kutoka maonesho ya kimataifa ya sanaa ya watoto ya Lidice, na tangu hapo simu yangu haipumui, wazazi wananiuliza kama darasa linafaa. Naomba nijibu hapa mara moja.

Linafaa, ila si kwa sababu ya cheti. Mwanzo tulikuwa kwingine, ambako mwalimu "alirekebisha" picha za watoto mpaka zote zikafanana: jua linazama, mbuyu, twiga. Hata nyumbani ukimpa karatasi, anakuchorea twiga yule yule. Huku mwalimu hagusi brashi ya mtoto. Siku moja aliwaambia wachore wanachokiona wakiamka. Wangu akachora foleni ya ndoo kwenye bomba la mtaani kwetu, ndoo kubwa kuliko watu, na mama mmoja kakalia dumu, kanuna. Mama mwenyewe ni mimi. Ndiyo picha iliyokwenda.

Kule kwa mwanzo walishanitoza 80,000 ya "maonesho ya kimataifa" ya mtandaoni, na darasa zima likarudi na "nafasi ya kwanza". Kwa hiyo niliposikia Lidice, swali langu la kwanza lilikuwa ada. Hakuna ada. Mtoto wa miaka 4 hadi 16 anashiriki bure. Sisi wazazi tulichangishana hela ya posta tu. Maonesho hayo yalianza mwaka 1967, kuwakumbuka watoto wa Lidice, kijiji cha Jamhuri ya Cheki ambacho Wanazi walikiteketeza Juni 1942. Watoto 82 waliuawa kwa gesi. Leo wamesimama pale kijijini kwa sanamu za shaba, wasichana 42 na wavulana 40, kazi ya mchongaji Marie Uchytilová. Nilimwonyesha binti yangu kwenye simu. Hakusema kitu, akaanza kuwahesabu kwa kidole.

Sasa yaliyonikera. Kituo kilitundika bango getini, sura ya mwanangu na maandishi "BINGWA WA DUNIA", bila kuniuliza. Cheti cha pongezi ni heshima kubwa, lakini kuna wenzake waliopata medali, tusidanganyane. Nililalamika, likakaa wiki mbili ndipo wakaliondoa. Halafu hakuna aliyetuambia kwamba picha ikishakwenda hairudi. Mtoto alilia. Mimi nimebaki na nakala niliyoipiga kwa simu, kidole gumba changu kikiwa kimefunika ndoo mbili. Mkituma, pigeni picha vizuri kwanza, mchana, nje.

Chumba nacho ni kidogo na feni ni moja, kwa hiyo mfungieni mtoto maji ya kunywa.

Jumamosi hii tunarudi. Inabidi nipite Kariakoo kununua brashi, maana ile nzuri mdogo wake ameikuta jikoni na kuipakia mafuta ya chapati.